Walikagua risiti zangu kabla ya kunitajia bei

Kama una P9 pekee (karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa), ofisi hii ya Nairobi ya kusaidia watu kujaza ritani, yaani fomu za kodi, usiende. Mume wangu alitozwa shilingi 500 kwa kazi ambayo iTax, tovuti ya kodi, huwa imeshaifanya nusu: mshahara na PAYE (kodi ya mshahara) aliyokatwa hujitokeza kwenye fomu, wewe ni kulinganisha na P9 ya mwajiri, kisha unatuma. Angeenda dawati la KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, pale Huduma Centre ya GPO angesaidiwa bure.

Lakini mwenye biashara ndogo, panda tu hizo ngazi. Ofisi iko ghorofa ya tatu karibu na barabara ya Tom Mboya, lifti usiitegemee. Jina sitalitaja kwa kuwa wenyewe hawataki kutangazwa. Foleni ya Juni inawatosha.

Mimi nashona sare za shule Kawangware. Kwa saiba nyingi (maduka ya intaneti) swali la kwanza ni "Unajaza nil?", yaani huna mapato. Dada wa hapa aliniuliza, "Mama, risiti za vitambaa umekuja nazo?" Nikamwaga bahasha nzima mezani. Akazitenga mafungu mawili: zenye eTIMS (ankara za kielektroniki za KRA) kulia, zingine zote kushoto. La kushoto karibu lote lilikuwa majora ya Eastleigh.

Nilikuwa nimeenda na swali moja. Mimi hulipa TOT, kodi inayokatwa kwenye mauzo yote ya biashara ndogo, na wenzangu sokoni walikuwa wakisema ni afadhali kuachana nayo. Sheria inakuruhusu, ukimwandikia Kamishna, uhamie kodi ya mapato ya kawaida. Dada akachukua kalamu. Mauzo ya mwaka ni milioni 1.8, TOT ni asilimia 3 bila kutoa gharama yoyote: 54,000. Upande wa pili gharama hutolewa kwanza. Zangu ni milioni 1.42, faida inabaki 380,000, na ukiondoa kwenye kodi yake nafuu ya 28,800 ambayo kila mkazi hupewa kwa mwaka, kodi ni 23,000. Nikaanza kutabasamu.

"Ngoja kwanza, mama." Akaweka kiganja juu ya fungu la kushoto. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haihesabiwi, na fungu lile lilikuwa 400,000. Liondoe, na kwa macho ya KRA faida yangu inakuwa 780,000. Kodi: 142,600. Hizo pesa mimi sijawahi kuzishika zote kwa mkupuo! "Kaa na TOT hadi huyu wa Eastleigh aanze kukupa za eTIMS," akasema. Hapo ndipo akanitajia bei, 2,500, na sikuomba kupunguziwa.

Siku hizi nanunua kwa muuzaji mwingine palepale Eastleigh. Ni ghali kidogo, lakini ankara yake ya eTIMS inatoka na PIN yangu, namba yangu ya kodi, juu yake.

Jambo lingine nililolipenda: nenosiri niliandika mwenyewe, kompyuta imegeuziwa kwangu, na barua pepe iliyo kwenye iTax ikabaki yangu. Tukatuma TOT ya mwezi ule, risiti ya kuthibitisha ikaingia kwenye simu yangu kabla sijalipa. Mwenye saiba akiweka barua pepe yake pale, siku ukitaka kubadilisha nenosiri itabidi umtafute yeye.

Kasoro zipo. Bei haijabandikwa popote, kwa hivyo ulize mapema. Waliahidi kunitumia ujumbe kila mwezi kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya TOT, na mpaka leo simu haijalia. Ukichelewa faini ni 1,000, wao hawakulipii.

Nenda Februari au Machi. Ritani za mwaka mwisho wake ni Juni 30, na kuchelewa kwa mtu binafsi kunaanzia faini ya 2,000, kwa hivyo wiki ile ya mwisho watu husimama hadi kwenye ngazi na yule dada hana muda wa kutenga risiti za mtu.