Waliniambia Samaki Wangu Dume Ana Mimba

Sikuwa na nia ya kuandika kuhusu lile duka la samaki wa mapambo hapa Arusha, kwa kuwa miezi kadhaa imepita na samaki wangu wa aina ya beta yu hai, lakini kila nikimtazama nakumbuka jibu nililopewa na mwenye duka, na hasira inanipanda upya.

Ilikuwa msimu wa baridi, zile wiki ambazo hata maji ya bomba yanauma mikono. Beta wangu, mwekundu, mwenye mapezi marefu yanayoyumba kama pindo la kanga, alianza kulala chini ya tangi, akipanda kwa shida kuvuta hewa juu ya maji, kisha akizama kama jiwe. Tumbo lilikuwa limetuna kana kwamba amemeza punje ya hindi. Nilimtia katika chombo chenye kifuniko, nikapanda daladala, nikampeleka palepale nilipomnunua.

Mwenye duka hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Dada, huyo ana mimba. Subiri azae, utapata faida." Nilipomweleza kwamba huyu ni dume, na kwamba hata beta jike hazai bali hutaga mayai, ambayo dume huyaokota kwa mdomo na kuyalinda katika kiota cha mapovu, alinijibu kwamba kama najua sana nifungue duka langu. Kisha akanisukumia kichupa cha dawa ya buluu bila kuuliza maji yangu yana joto gani wala samaki anakula nini. Nililipa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Anayeuza samaki ana wajibu wa kutazama magamba kabla ya kufungua mdomo. Ukimtazama beta kutoka juu ukakuta magamba yamesimama kama maganda ya nanasi, ujue maji yamejaa mwilini, mara nyingi kwa sababu figo zimeshindwa kazi, na wengi wanaofikia hapo hawaponi. Magamba ya wangu yalikuwa yamelala vizuri. Kitu cha kwanza cha kushuku kilikuwa shibe na kufunga choo, kwa maana tembe kavu za chakula cha samaki huvimba zikilowa, mfuko wa chakula wa beta hauzidi sana ukubwa wa jicho lake, na maji ya baridi huchelewesha usagaji wa chakula.

Aliyenifumbua macho ni kijana msaidizi wa duka hilohilo, aliyenifuata hadi nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo dawa usiitie. Usimlishe siku tatu, na mtafutie hita." Nilimsikiliza. Nilipandisha joto la maji polepole hadi nyuzi 26, nikabadilisha robo ya maji, na siku ya pili nikamwogesha kwa dakika 10 katika chombo cha pembeni chenye chumvi ya Epsom, ile ya kulainisha choo, kutoka duka la dawa, kijiko 1 cha chai kwa lita 4 za maji ya tangi lake mwenyewe. Chumvi ya jikoni haifanyi kazi hiyo, msidanganywe. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta kinyesi kinene cha kahawia chini ya tangi, naye yuko mbele ya kioo, ametanua mashavu, ananidai chakula. Nilimpa viluwiluwi viwili vya mbu, basi.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia msikanyage duka hilo. Lakini haki isemwe: samaki wao huwa wazima, huyu nilimchukua akiwa hana doa, na yule kijana alistahili kuletewa wateja. Nilikwisha kuamua kuwashauri mwende, ila mmuulize yeye.

Juzi nilipita kununua hita ya pili, sikumwona. Nilipomuulizia, mwenye duka alisema amemwondoa kwa sababu anaongea sana na wateja. Hita sikuinunua, na pale sirudi tena.