Pesa haikutoka, benki ikaniambia imetoka

Kabla ya Ramadhani nilikwenda Dubai kuchukua mzigo wa sikukuu, mabaibui na viatu vya watoto. Hoteli yangu Deira, msichana wa mapokezi aliipitisha kadi kwenye mashine akaniambia wanashikilia dirham 1,200, mia mbili kwa kila usiku, na nikiondoka salama wataziachia. Nikaitikia, nina usingizi wa safari.

Siku ya kuondoka nikalipa chumba taslimu, kwa dirham nilizoziweka kando, nikapewa risiti na karatasi ya kuachiwa zile 1,200. Nikajua yamekwisha. Nafika kargo, kadi inakataa. Narudia, inakataa! Watu foleni nyuma yangu, na pesa yangu naijua ilivyo kwenye akaunti. Mwenzangu wa Wete ndiye aliyenilipia, Mungu amzidishie.

Lakini hoteli siisemi vibaya. Mie hasira zangu ziko Unguja.

Nimerudi, siku zinapita, salio bado pungufu. Nikaenda benki yangu. Kijana wa kaunta hakuniinua hata uso. "Mama, pesa imeshatoka. Kawaulize hao wa hoteli." Nikamwonesha karatasi, hakuigusa. "Mama, kuna watu nyuma." Zaidi ya laki nane za mtaji wangu, na mtu hanitazami! Nikawaandikia hoteli, wakajibu wameshaachia, niiulize benki. Nikarudi mara ya pili, maneno yale yale. Niliapa naifunga akaunti, bora nirudi kufunga dola kiunoni kama zamani.

Mara ya tatu nikapanda juu. Bibi mmoja wa makamo akanikaribisha kiti, akaigeuza skrini upande wangu, akaweka kidole. Mstari wa kwanza salio la akaunti, wa pili salio la kutumia. Wa kwanza pesa yangu imo yote, wa pili imepungua kiasi kile kile. "Haijatoka, dada yangu. Imezuiliwa tu. Ungelipa chumba kwa kadi hii hii, wangekata humo humo. Ulipolipa taslimu, kizuizi kimebaki peke yake, mpaka sisi tukifungue au muda wake uishe." Akaichukua ile karatasi, akaitoa kopi. Machozi yalinilenga. Dakika kumi, na kule chini nilifukuzwa mara mbili!

Siku chache baadaye pesa ikarudi. Meseji ya kukatwa hunifikia hata usiku wa manane, hii ya kuachiwa haikuja. Nimeiona mwenyewe kwenye salio.

Basi akaunti sikuifunga. Nilikuja kuandika watu waikimbie benki hii, na sasa siwezi, kwa ajili ya yule bibi. Kadi nitasafiri nayo tena, na chumba nitakilipa kwa kadi ile ile niliyoingilia. Ila kaunta ya yule kijana sisimami tena, hata foleni yake iwe tupu.