Nilipeleka chembe za dhahabu, nikapimiwa vumbi

Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka kwenye maabara moja ya kulipia sampuli ya chembe nano za dhahabu, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nilizozipaka polima iitwayo polietilini glaikoli, nikitaka kujua unene wa utando wake. Ripoti ya mashine yao ya leza ilirudi na namba moja tu, kipenyo cha chembe pamoja na utando wake: nanomita 180 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Nilishtuka, kwa sababu hadubini ya elektroni, ambayo huonyesha dhahabu yenyewe lakini kwa kawaida haiuoni utando mwepesi kama huo, ilikuwa imenipa kipenyo cha nanomita 20. Kwa hesabu hiyo utando ungekuwa na unene wa nanomita 80, ilhali mnyororo wa polima niliyotumia, yenye uzito wa daltoni 5,000 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli), hata ukinyooshwa wote kama uzi haufiki huko. Isitoshe, kimiminika changu kilikuwa bado chekundu kama divai. Chembe za dhahabu zikigandamana, rangi hugeuka kuwa zambarau au buluu.

Nilikwenda mwenyewe kuuliza. Kichupa kilikuwa bado mezani, hakina kifuniko, na nilipokiinua kwenye mwanga niliona unyuzi mweupe wa karatasi ya kufutia ukielea ndani. Mashine ile ya leza hupima jinsi nuru iliyotawanywa inavyobadilika-badilika kadiri chembe zinavyotangatanga majini, na chembe yenye kipenyo mara 10 zaidi hutawanya nuru takribani mara milioni 1 zaidi, hivyo vumbi kidogo tu linatosha kuifunika nuru ya chembe zenyewe. Nilimweleza mhusika hayo kwa upole. Bila kuinua macho kwenye simu yake alinijibu, "Mashine haidanganyi, ndugu yangu. Labda hujui ulichotengeneza." Kauli hiyo iliniuma kuliko fedha nilizolipa.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu asikanyage pale kabisa. Hata hivyo, fundi mwingine, dada mkimya, aliichukua sampuli, akaipitisha kwenye kichujio cha maikromita 0.2, akaosha kichupa, akarudia kipimo mara tatu mbele yangu: nanomita 42, kwa tofauti ndogo sana. Utando ukawa nanomita 11, pamoja na maji yaliyonaswa ndani yake. Kwa kazi ya mikono yake ningewapa nyota zote. Lakini nikikumbuka kwamba nililipishwa upya kwa marudio hayo, na kwamba ripoti ya kwanza haijafutwa hadi leo, naziondoa zote. Sampuli zangu nitampelekea dada huyo peke yake. Nikikuta hayupo zamu, narudi nazo.