Masolo ya saa tatu, na mama mdogo hakupewa hata dakika mbili: uzoefu wangu

Wanaotaka jibu la haraka: hiki kipindi cha masolo, yaani mazungumzo, msilipie. Sijasema kipindi ni kibaya. Nasema msilipie, angalau mpaka wapate adabu. Halafu endeleeni kusoma, maana mimi mwenyewe bado nakisikiliza.

Jina silitaji. Wa Lubumbashi mnaopenda masolo marefu ya kwenye simu mtakitambua: kijana mmoja, dada mmoja, mgeni katikati, saa mbili hadi tatu wanachambua ndoa, pesa, wivu, wazazi, watoto wa siku hizi, na kwa nini mtu anamdanganya yule yule anayempenda. Unalipa kwa simu kila mwezi, sauti inaingia WhatsApp. Mimi ni mshonaji, mtaa wa Katuba. Kazi yangu inataka mikono na macho, masikio yanakaa bure mchana kutwa. Muziki unanichosha mapema, na mahubiri ya redio yananigombanisha na wateja wa makanisa mengine. Haya masolo yalinifaa. Naweka simu juu ya meza ya cherehani, naitilia kitambaa chini isitembee na mtetemo, na umeme ukikatika nahamia kwenye cherehani ya miguu, wao wanaendelea kuongea.

Na vipindi vya maana wanavyo, siwezi kuwanyima. Kuna kimoja cha mzee aliyeacha kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, kwenye ile operesheni ya "kuondoka kwa hiari" iliyoanza 2003, wakatoka watu zaidi ya 10,000. Hakulia, hakutukana mtu. Alieleza tu namna mwanaume aliyezoea kuletewa posho ya unga, nyumba ya kampuni, shule ya watoto, hospitali ya kampuni, anavyoamka asubuhi hana pa kwenda, mke ndiye anajitwisha beseni kwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Jioni anasikia sahani zinapangwa jikoni na anaona haya kusogea mezani, kwa sababu bukari hiyo, ugali wetu, si yeye aliyeinunua. Yule dada hakumkatiza hata mara moja. Mimi nilisimamisha cherehani.

Basi walipotangaza kikao cha wazi, kurekodi mbele ya watu katika ukumbi mmoja wa mjini, mada ikiwa mali ya ndoa, yaani mahari, na nani mkubwa nyumbani, nikanunua tiketi mbili. Ya pili ilikuwa ya mama mdogo wangu. Mchana huwa anakuja atelie, anachambua majani ya sombe huku anasikiliza, na anawajibu kama vile wamekaa naye. "Hapana, huyo anaficha kitu." "Muulizeni mama yake alikuwa wapi." Ni Mbemba wa mto Luapula, upande wa Kasenga, mjane, ameoza mabinti na amezozana na wakwe wa kila aina. Mada ile ilikuwa yake. Akavaa kikwembe anachokitunza kwa ajili ya harusi za watu.

Mgeni alikuwa bwana mmoja aliyekaa Ulaya miaka mingi. Anaongea vizuri, hilo simnyimi. Akasema mali ni bei, mwanamke wetu ananunuliwa, imekuwa hivyo tangu mababu na kila kabila, na hata leo mke wa Kikongo hawezi kufanya mkataba bila ruhusa ya mume. Makofi. Mama mdogo akanigusa goti. Sheria aliyokuwa anaisema bwana yule ni ya 1987. Ilirekebishwa 2016 na ruhusa ya mume ikaondolewa. Mali ndiyo ambayo sheria inaitaka mpaka leo. Hata mimi wa sindano na uzi nalijua hilo, tulielezwa kwenye likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, tulipotaka kufungua akaunti.

Yakaja maswali. Mama mdogo akainua mkono, hawakumwona. Akainua tena, dada akampelekea mikro. Akasimama, akasalimu kwanza kama mtu aliyelelewa: "Jambo wazee, jambo wamama, jambo wanangu." Kisha akamgeukia mgeni. "Baba, hayo uliyosema sikatai yote. Lakini sisi kwetu mume ndiye alikuja. Alikuja kukaa kwa wakwe, akalima shamba la mama mkwe, misimu na misimu, ndipo wakamwamini na mtoto wao. Na wakizaa, watoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye..."

Akaishia hapo, kwenye mjomba ndiye. Kijana wetu akaingia: "Merci mama, merci, tufupishe. Muda unatubana, na hapa hatukuja kusimuliwa hadithi za kijiji."

Ukumbi ukacheka. Na yule dada, niliyekuwa namsifia kwa wateja wangu wote, akanyoosha mkono akachukua mikro. Mama mdogo hakusema kitu. Alifungua kikwembe chake, akakifunga upya kiunoni, akakaza, akakaa. Mgeni akapewa neno la mwisho, na neno hilo likala robo saa nzima. Muda ulikuwa unambana nani?

Hadithi ya kijiji ndiyo mada yenyewe, jamani! Hapa mjini ni nyumba ngapi zimeungua kwa jambo hilo hilo? Kijana wa Kiluba, kwao mtoto ni wa baba, ameoa binti wa Kibemba, kwao mtoto ni wa mama. Wakiwa hai wanacheka, wanaitana shemeji. Siku baba anafariki, mjomba na baba mdogo wanakutana kilioni, kila mmoja na desturi yake mfukoni, mmoja anataka nyumba, mwingine anataka watoto, na sheria ya nchi inayowapa watoto robo tatu ya urithi hakuna aliyekuja nayo. Mama mdogo ameyaona hayo kwa macho yake na ndiko alikokuwa anaelekea. Na niseme haki: yule bwana wa Ulaya alikuwa amemgeukia, ameweka kalamu chini, anataka kusikia. Aliyekuwa na haraka ni mwenye kipindi peke yake. Kipindi cha masolo marefu! Ni marefu kwa nani?

Pengine ningesahau. Lakini kilipotoka kipindi chenyewe, mvua zilikuwa zimekwisha anza, nikakifungua atelie. Maneno yake yote wameyakata. Salamu, shamba la mama mkwe, mjomba, hakuna. Kicheko wamekiacha! Unamsikia mgeni anamaliza mambo yake ya ruhusa ya mume, kimya kidogo, halafu ukumbi mzima unaangua kicheko, kama kwamba yeye ndiye aliyetoa utani. Nimerudisha nyuma, nimesikiliza tena na tena. Mama mdogo hayumo, waliomcheka wamo.

Nikawaandikia, ujumbe mrefu, wa heshima. Jibu likaja: asante kwa kutufuata, shirikisha na rafiki, na kidole gumba. Nikaandika tena, safari hii heshima niliiacha nyumbani. Ndipo mtu fulani akanijibu kwamba sehemu hiyo iliondolewa kwa sababu ya ubora wa sauti, na kwamba wananizawadia mwezi mmoja bure. Ubora wa sauti! Kumbe kicheko kilirekodiwa studio?

Mwezi wa bure nimeuchukua. Msinitazame hivyo, mega za intaneti nanunua mimi.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba mwenye kutukanwa hana hasira. Nilimwambia kwamba wamemfuta, akasema, "Mwanangu, wale utotoni hawakulala kwa bibi zao, watajulia wapi kusikiliza?" akarudi kwenye sombe yake. Siku mbili tatu baadaye akauliza kipindi kipya kimetoka au bado. Sikutaka kukifungua. Akanambia nifungue, hasira nitakuwa nayo nikishamaliza gauni la mteja.

Tukafungua. Kilikuwa cha wake ambao waume zao wanafanya kazi migodini Kolwezi, kama kilomita 300 toka hapa, wanarudi mara moja moja na mfuko wa nguo chafu. Dada akauliza mume anarudije katika nyumba iliyokwisha kujipanga bila yeye, ambamo hata mtoto mdogo anajua funguo ziko wapi na yeye hajui. Mgeni, mke wa mmoja wao, akakaa kimya kwanza. Wakauacha ukimya wote, hawakuukata. Kilikuwa kizuri, na ndiyo shida yenyewe. Wanajua kusikiliza wakitaka.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Kwa ajili ya mzee wa Gécamines na mama wa Kolwezi nimetia tatu. Nikikumbuka mkono wa yule dada ukichukua mikro naziona nyingi, naacha mbili, na kesho msishangae mkikuta nimebadilisha.

Mwenye kulipia alipie mwezi mmoja, asikilize hivyo viwili. Tiketi za ukumbini msinunue, hasa kama mnakwenda na mtu mzima mnayemheshimu. Na cha mali ya ndoa, kama lazima mkisikilize, karibu na mwisho mtasikia watu wanacheka bila sababu. Sababu ni mama mmoja wa Kasenga aliyekuwa anataka kuwaeleza habari za mjomba.