Sensa ya joto la maji ya Toyota, 89422-33030: ipime kabla hujailipia

Kwenye Vitz, IST, Probox na ndugu zao wenye injini ya 1NZ-FE, sensa hii ndiyo inayoiambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) maji yana joto kiasi gani. Ikidanganya, petroli inapimwa kwa uongo. Gari linasumbua kuwaka asubuhi, ekzosi inanuka petroli, plagi zinatoka nyeusi tii, au feni inazunguka injini ikiwa bado ya baridi.

Sensa halisi ya Denso tunaipa alama za juu, na sababu ni moja: inasema kweli. Maji yakiwa nyuzi 20 ukinzani wake (jinsi inavyozuia umeme kupita) ni kilo-omu 2.32 hadi 2.59, yakifika nyuzi 80 unashuka hadi omu 310 mpaka 326. Kwa hiyo nenda dukani na multimita yako, ile mita ya kupimia umeme, ukiiweka kwenye omu. Weka ncha mbili kwenye pini mbili za sensa. Kwa joto la mchana wa Dar es Salaam au Mombasa isome chini kidogo ya kilo-omu 2. Kisha ifumbate kiganjani. Namba inatakiwa ishuke taratibu, bila kurukaruka. Ikikwama au ikiruka, irudishe hapo hapo. Zile za pakiti ya nailoni zisizo na jina hatuzipendekezi: ipo inayosoma vizuri ikiwa baridi kisha ikapotea ikipata moto, na hilo dukani hulioni. Ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani si mbaya, ila nayo ipite kwenye mita. Namba ya spea ilinganishwe na chasisi ya gari lako, kwa sababu matoleo ni mengi.

Lakini kwanza, je, sensa ndiyo mbovu? Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Unganisha mashine ya kusoma makosa, washa swichi bila kupiga stata, kisha chomoa soketi ya waya kwenye sensa. Mashine isome nyuzi -40. Unganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya. Isome 140 au zaidi. Ikifanya hivyo, nyaya na kontrol boksi ni nzima, badilisha sensa. Isipobadilika, sensa mpya haitasaidia kitu, tafuta waya uliokatika au pini iliyoota kutu ya kijani. Kosa P0118 mara nyingi ni waya uliokatika au soketi iliyolegea, P0117 ni shoti. P0128 ni habari nyingine kabisa: hiyo kwa kawaida ni thamostati (vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto) iliyokwama wazi, au iliyotolewa na fundi "ili gari lisichemke". Rudisha thamostati, sensa iache.

Kuibadilisha ni kazi ya chini ya saa moja. Injini iwe imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa moto unaunguza uso. Mwaga lita mbili hivi za kulanti (maji ya dawa ya rejeta) kwenye beseni safi. Sensa iko ubavuni mwa silinda hedi, upande wa gia boksi, karibu na inapoanzia hosi ya juu ya rejeta. Kilimi cha soketi ya waya kinakuwa kimekaushwa na joto la miaka, kikibonyezwa kwa nguvu kinavunjika; kibonyeze huku ukisukuma soketi ndani kidogo, ndipo uvute. Fungua kwa soketi ndefu namba 19, si kwa spana ya mdomo, inayomung'unya pembe.

Weka gasketi mpya. Siyo tepu nyeupe ya mafundi bomba: kinachozuia maji hapa ni gasketi, na tepu inaizuia isikae sawa. Anza kuzungusha kwa vidole mpaka mwisho, kisha kaza kwa spana ya kupima nguvu, 20 Nm. Hedi ni ya aluminiamu, na uzi ukichanika hapo, gharama yake si ya sensa tena.

Hewa ndiyo inayowaponza wengi. Kipovu kikikaa kwenye ncha ya sensa, inapima hewa badala ya maji, na mtu anadhani ameuziwa feki. Jaza kulanti polepole, minya hosi ya juu mara kadhaa, weka hita kwenye joto la mwisho, na uache injini iungurume hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Usijaze maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi. Yanaacha ukoko mweupe kwenye ncha, na sensa inachelewa kuhisi joto.

Futa kosa kwa mashine. Kesho yake, gari likiwa la baridi, angalia kopo la akiba na uongeze kulanti kama imeshuka chini ya alama ya LOW.