Umeambiwa rudi saa nane na uko Posta? Nenda Makumbusho ya Taifa (sio ya Kijitonyama)

Hii rivyuu ni ya watu wa aina yangu, wale tunaoingia Dar asubuhi na kurudi mkoani jioni, umekuja kwa shida moja tu, unaambiwa njoo saa tatu, ukifika wanakuhudumia dakika kumi halafu wanakwambia haya rudi saa nane. Sasa hapo katikati unafanya nini? Mimi natokea Moro, treni ya umeme inanifikisha stesheni mapema kabla hata ofisi hazijachangamka, kurudi nyumbani haiwezekani, ndugu yangu wa karibu yuko Mbagala na kwenda Mbagala kwa masaa manne ni kutafuta foleni kwa pesa yako mwenyewe, na Kariakoo nimejiwekea sheria, siendi kama sina orodha, maana nikienda kuzurura narudi na mabeseni na sina nauli.

Safari hii ilikuwa jino. Gego la mwisho, chini kushoto, limeota limelala linasukuma mwenzake, usiku silali. Kliniki moja ya mjini (siwataji, foleni zao wanazijua wenyewe) wakanipiga eksirei saa tatu na nusu, alafu binti wa mapokezi ananiambia kwa upole kabisa, "Pole dada, daktari wa upasuaji anaingia saa nane, unaweza kupumzika hapo kwenye benchi." Benchi lenyewe lina watu tisa na mmoja amelala. Mgahawani ndo kabisa, utakaa na jino bovu unaangalia wenzako wanakula kuku wa kuchoma? Mimi nilikuwa na chupa yangu ya uji kwenye begi, basi.

Nikatoka nje nikamwambia bodaboda, kaka, Makumbusho shilingi ngapi? Akasema elfu tano. Nikashtuka, maana simu ilikuwa inanionyesha dakika kumi na kitu kwa miguu. Nikamwambia elfu tano ya nini wakati ni hapo tu? Na yeye akanishangaa, "Dada, Makumbusho si stendi, Kijitonyama kule?" Nikamwambia hapana, ile yenye vitu vya kale. Akacheka, "Aaah, wewe unataka ya mafuvu! Hiyo nyoosha na Samora mpaka mwisho, tembea tu, sitaki kukuibia." Mungu ambariki. Kwa hiyo wageni wa jiji mshike hili: ukisema Makumbusho tu, Dar nzima inaelewa kule Kijitonyama, ambako jina lilitokana na Kijiji cha Makumbusho, zile nyumba za asili za makabila zilizofunguliwa 1967. Kijiji chenyewe bado kipo ila ni kitu kingine. Haya ninayoyasifia hapa ni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ubavuni mwa bustani ya Botaniki. Sema mtaa, usiseme makumbusho.

Njia yenyewe ni nzuri kama hujavaa viatu vya kisasa. Unapita kwenye sanamu ya Askari, yule wa shaba mwenye bunduki yenye singe ambaye kila mtu anapanga kukutana naye na hakuna anayemwangalia. Amesimama pale tangu 1927, na kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Wissmann, Waingereza walipoteka mji 1916 wakaing'oa. Ukinyoosha unatokea Botaniki, miti mikubwa, kivuli, joto linapungua ghafla kama umefungua friji, na tausi wanakatiza njia kwa madaha kama wao ndo wanalipa kodi ya kiwanja.

Kiingilio kwa sisi raia hakikufika hela ya chips kuku, kitambulisho kiwe karibu. Wageni wa nje wanalipa zaidi, ni kawaida ya vivutio vyote.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Ndani kuna habari ya chimbuko la binadamu na mfalme wa mule ni Zinjanthropus, fuvu la zamadamu. Wote tulimsoma shuleni, tukakariri jina tukajibu mtihani tukasahau. Nilisoma kwamba alipatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, kwamba ana miaka kama milioni 1 na laki 7 na nusu, kwamba waliompata ni watafiti mtu na mkewe, Louis na Mary Leakey. Kitu ambacho sikukishika shuleni ni kwamba siku hiyo Louis alikuwa kambini anaumwa mafua, amelala, na aliyetoka na mbwa zake akaona mfupa umechungulia mchangani ni Mary. Peke yake. Mzee alipoambiwa akaruka kitandani homa ikapona. Na jina Zinj ni Zanji, jina ambalo Waarabu wa zamani walikuwa wanauitia huu mwambao wetu, kwa hiyo jamaa amepatikana bara kule Ngorongoro akapewa jina la pwani, ndo Tanzania hiyo.

Nikasogea karibu kabisa. Mtu mwenye gego linauma akisimama mbele ya Zinj haoni fuvu, anaona meno. Taya la chini hawakulipata, lakini la juu meno yote kumi na sita yapo, na yale ya mbele ni madogo, ya kawaida, halafu ukirudi nyuma magego yanaanza kutanuka, yanatanuka, mpaka unajiuliza hii ni kinywa au ni kinu. Nikajaribu kuyapima kwa macho na la kwangu, nadhani langu linaingia mara tatu na nafasi inabaki. Juu ya kichwa ana ukingo wa mfupa umesimama kama kishungi cha kuku, pale ndo misuli ya kutafunia ilikuwa inajishikiza, yani misuli ya taya inapanda mpaka utosini! Kwa meno hayo wakampa jina la utani la mvunja karanga. Baadae wataalamu wakachunguza kaboni kwenye meno ya wenzake wa jamii hiyo wakakuta chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi na ndago, kwa hiyo kumbe sio mvunja karanga sana, ni mtafunaji wa majani kutwa nzima kama ng'ombe wa shangazi.

Na kuna hili ambalo liliniacha hoi. Magego yake ya mwisho yalikuwa ndo kwanza yanatoka. Kwa hiyo alikuwa kijana, hajakomaa. Milioni moja na ushee ya miaka, na kijana wa watu naye alikuwa anaota gego la mwisho. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye alikuwa na taya la kuliweka.

Nikiwa bado nimeganda pale wakaingia watoto wa shule na sare zao, kama darasa la nne hivi, mwalimu anawapanga mstari, mmoja akapiga kelele, "Tichaa, huyu alikuwa anapiga mswaki?" Mwalimu akamwambia wewe ulipiga asubuhi? Darasa zima likaanguka. Na mimi nikacheka, jino likanikumbusha.

Pembeni ya habari za Zinj kuna nyayo za Laetoli, zinaonyeshwa kwa nakala, maana zenyewe ziko kulekule kwenye ardhi ya Ngorongoro zimefukiwa zisiharibike. Ni za miaka kama milioni 3 na laki 6, viumbe wametembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, mvua ikanyesha kidogo, majivu yakagandana kama saruji. Hizi za binadamu zilionekana 1978 lakini mwanzo wa kugundua lile eneo ni 1976, na ni kituko, wanasayansi walikuwa wanarushiana mavi ya tembo makavu kwa utani wakati wa kurudi kambini, mmoja akaanguka akikwepa, kutazama chini anaona alama za wanyama kwenye mwamba. Nilisimama nikaangalia kile kisigino kilivyozama na dole gumba lilivyonyooka na vingine vyote, ni unyayo wa mtu aliyetoka kuoga akakanyaga sakafu, huo huo tu. Hapo kaa. Usipige picha ukaondoka.

Sehemu nyingine nilipita haraka na sioni aibu kusema. Vigae vya Kichina na sarafu za Kilwa niliviangalia kidogo, ila sarafu za Kilwa zina habari yake, kuna tano ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini ya Australia na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje kule. Habari za utumwa na vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani nilizisoma nusunusu, sio kwamba hazina maana, ni kwamba ukiwa unasubiri kukatwa fizi moyo unakuwa mwepesi. Majimaji ya 1905 mpaka 1907 yanahitaji mtu aje na siku yake, amekula, ametulia, kwa sababu ukishaanza na mganga Kinjikitile na maji yake pale Ngarambe utatembea mpaka kwenye njaa iliyomaliza kusini na hutarudi kwenye foleni ya daktari ukiwa mzima.

Rolls-Royce ndo ilinipa raha ya bure. Ni gari ya magavana wa Kiingereza, alafu nchi ilipopata uhuru ikaja kumbeba Mwalimu Nyerere. Gari lilelile! Kuna mzee alikuwa na mjukuu wake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanionyesha kidole siti ya nyuma, "Hapo alikaa gavana, akateremka, akapanda mwalimu wa shule." Hakuongeza neno. Mjukuu yeye alitaka kujua inakunywa mafuta kiasi gani.

Nje uwanjani kuna kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, watu 11 hapa Dar siku moja na Nairobi. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka redio tu na mama kusimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi. Nilikaa pale kidogo.

Sasa nyota. Nawapa nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu dainosaria hayupo, na hilo sio kosa lao hata kidogo. Mnajua yule mkubwa wa Tendaguru, Lindi? Wajerumani walimchimbua kati ya 1909 na 1913, babu zetu wakabeba mifupa vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 za mifupa kwa jumla, ikapanda meli, na leo amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, watoto wa Kijerumani wanampiga picha. Mimi nimelipa kiingilio Dar nikamtazame mtu wa kwetu, na mnyama wa kwetu nitamtazama kwa viza. Basi nyota moja nimeiweka rehani mpaka arudi.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Masaa mawili yanatosha kama utachagua, mawili na nusu kama una mtoto anayeuliza. Ukiwa na dakika arobaini usiingie ndani, kaa zako Botaniki na tausi. Chagua vitu vitatu, simama navyo, vingine vipe salamu, kwa sababu mtu akitaka kumaliza kila kabati anatoka hakumbuki hata moja, na miguu inawaka. Weka alamu kwenye simu. Mimi sikuweka, nilikaa chini ya mti nakunywa uji wangu taratibu kwa upande wa kulia, upepo wa baharini unafika mpaka pale, nikastuka saa saba na dakika arobaini na tano na nikarudi Samora mbio mbio na jua la utosi kama mtu anayekimbizwa na mgambo.

Nilifika saa nane na dakika tano, daktari mwenyewe hajaingia. Akaja saa nane na nusu, akabandika ile picha kwenye taa, akanionyesha na kalamu, unaona hili, taya lako halina nafasi. Nikamwambia najua dokta, nimetoka kwa mtu mwenye nafasi. Hakuelewa, akadhani ganzi imeanza kufanya kazi na bado hajanichoma.

Limetoka vipande vitatu. Narudi kutolewa nyuzi, na kwenye kadi wameniandikia saa tatu, kwa mdomo wakaniambia ila daktari anaweza kuchelewa kidogo. Safari hiyo nampigia yule bodaboda, nampa elfu tano yake, anipeleke Kijitonyama.