Unga wa mlonge: nimeutumia miezi minane, haya ndo niliyoyaona

Nianze na kopo la kwanza maana ndo lililonitia hasira. Nilinunua stendi kwa jamaa mmoja anayetembeza dawa za miti shamba, robo kilo elfu kumi na tano, lebo imeandikwa inatibu magonjwa 300, presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, nahisi hata kurudisha mume ilikuwepo pale chini ila maandishi yalikuwa madogo. Kufika nyumbani nafungua, unga una rangi ya ugoro na unanuka banda la mbuzi. Kipindi hicho sikujua kwamba majani ya mlonge ukiyaanika juani yanafubaa na vitamini A inapotea sana, yanatakiwa yakaukie kivulini penye upepo mpaka jani ukilifikicha linavunjika, hapo ukisaga unatoka unga wa kijani kabisa. Ukiona wa kahawia usitoe hela yako.

Na zile stori za vitamini C mara saba ya chungwa, jamani, hiyo ni ya jani bichi, likishakauka nyingi inakuwa imeshaondoka. Na wanaosema una madini ya chuma kuliko mchicha, wanachukua unga mkavu wanaulinganisha na mchicha mbichi uliojaa maji, sasa si na mchicha ukaushwe kwanza ndo tupime? Halafu wewe unakula kijiko cha chai, sio kilo.

Kilichonishtua zaidi ni mama. Ana sukari na anatumia vidonge vya kila siku, yule muuzaji wa stendi akasema tumpe kijiko cha chakula mara tatu kwa siku na vidonge aache taratibu. Vidonge hatukuacha, nashukuru Mungu, ila unga tukampa kama tulivyoambiwa. Wiki ya pili siku moja kabla ya chakula cha mchana akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, kupima sukari imeshuka hadi 3.1, tukamkoroga maji ya sukari haraka haraka ndo akarudi. Siwezi kuusingizia mlonge peke yake maana asubuhi ile alikunywa chai kavu tu, lakini kliniki walituambia mlonge unaweza kushusha sukari na ukiupandisha juu ya vidonge unaweza kuzidisha, wakatugombeza kwa nini hatukusema. Kwahiyo kama kuna mgonjwa wa sukari, presha au anayetumia dawa za tezi ya shingo, mwambieni daktari kabla hamjaanza, msione aibu.

Kopo la pili nikachukua kwa mama mmoja wa Kibaha anayelima mwenyewe, elfu nane, kijani, unanukia kama majani ya chai. Huu ndo nimekaa nao. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji ukishaepua, au juu ya maharage, usichemshe nao sana. Siku tatu za mwanzo tumbo lilikuwa linakimbia, baadae likatulia na choo kikawa kizuri, hilo nalisema bila kuficha. Nywele hazijaota, kilo hazijapungua, nguvu za asubuhi ambazo watu wanasimulia mi sijaziona labda kwa sababu nalala saa saba.

Raha yenyewe imekuja nilipopanda mti. Shangazi wa Tanga, wao kule wanauita mzunze, alinipa mbegu sita, zikaota nne ndani ya wiki mbili, mmoja ukaoza mizizi kwa maji kutuama. Nilipanda Aprili, Novemba iliyobaki ilikuwa imepita bati, kosa langu, ingekatwa ikifika usawa wa kifua itoe matawi. Majani mabichi napukuchua, napika na karanga au tui la nazi, uchungu wake mdogo unamezwa na nazi, mtoto anakula bila kelele ambapo ule unga alikuwa anautema. Vile vitunda virefu vikiwa vichanga jirani yangu Mhindi anakuja kuomba anapikia mchuzi, nimeonja, utamu wake uko kwa ndani unanyonya kama mua.

Mbegu nilizitafuna mara moja tu, zinaanza chungu halafu ukinywa maji yanakuwa matamu, usiku ule choo nilikigeuza chumba. Afadhali zikasafishe maji, kijijini tulizimenya tukatwanga tukakoroga kwenye ndoo ya maji ya bwawa, baada ya saa moja na kitu tope lote likashuka chini. Hata Sudan kando ya Nile wanawake wanafanya hivyo tangu zamani. Ila yachemshe bado, kutakata sio kuwa salama. Mizizi mi siigusi, magome yake yana sumu na mjamzito ndo kabisa asijaribu.

Kopo la kwanza bado lina unga, kama kuna mtu anafuga sungura aje achukue bure.